Kilimani Nyuma ya Mkwe

Wiki tatu tu niliomba kukaa Ulaya, na nilizikaa kama mtu aliyekalia misumari. Tusidanganyane, mji wenyewe ni mzuri. Ni mji mdogo huko Austria, umekaa chini ya vilima vyenye misitu, madirisha yana maua, na Jumapili husikii kitu ila kengele ya kanisa. Hata mbwa wao wanabweka kwa adabu. Mimi ni mtu wa Tabora, nina kibanda cha vitenge Mtendeni, nimezoea kelele kuanzia adhana ya alfajiri mpaka redio za majirani usiku. Kimya kile kilinitia wasiwasi, na wasiwasi mwingine nilitoka nao nyumbani.

Binti yangu alikuwa mjamzito, siku zinakaribia. Mimba ya kwanza ilifika mwisho vizuri, mtoto akatoka hana sauti. Siku ile mumewe alikuwa kikazi nchi nyingine, mimi niko Tabora nimekumbatia simu, na mwanangu akayapitia yale peke yake kati ya watu asiowajua. Baada ya hapo hakuniomba kitu kingine chochote ila hiki: "Mama, safari hii sitaki kuwa peke yangu." Ndiyo maana nilipanda ndege. Sikwenda kutalii mimi.

Sasa, nyumba yao ni ndogo, iko ghorofani, vyumba viwili na jiko, na humo ndani niko mimi na mkwe wangu. Kwetu Unyamwezi mama mkwe na mkwe wa kiume hawasogeleani. Hampeani mkono, hamkai mkatazamana, hamli sahani moja, na jina lake hulitaji. Siyo chuki, jamani, ni heshima. Mama yangu mzazi kule Goweko, akimwona mkwewe anakuja njiani, alikuwa anaingia kwenye shamba la tumbaku mpaka mwenzake apite. Mkwe wangu mimi ni Mzungu. Alikuja Tabora kwa mambo ya misitu na nyuki, akajifunza Kiswahili, akampenda na binti yangu. Kabla ya harusi mashangazi walimkalisha chini wakamfundisha yote haya. Mwingine angecheka. Yeye aliyashika kama mtu anayesoma sala, akawapita hata vijana wetu wa mjini.

Kwa hiyo mle ndani nikiingia jikoni, anatoka. Akiingia sebuleni, natoka. Ananisalimia "Shikamoo mama" anaangalia friji, na mimi namjibu "Marahaba" naangalia dirisha. Mwanangu alivumilia, akavumilia, asubuhi moja akalipuka.

"Mnanichosha nyie wawili! Daktari kaniambia nitulie, nyie mnanichezea paka na panya ndani ya nyumba. Tokeni. Mume wangu, mpeleke mama kilimani mkatembee, na mkirudi muwe mmezoeana."

"Nikuache peke yako?" nikamuuliza.

"Mama, daktari kasema bado. Nikisikia chochote napiga simu, mnashuka. Nataka kulala tu, jamani."

Sikupenda. Moyo wangu ulikataa kabisa, lakini ukibishana na mwanamke mjamzito aliyekatazwa hasira, nani atakayekuwa na makosa? Nikafunga kitenge juu ya suruali, nikachukua koti, nikatoka. Simu yangu niliiacha mezani, maana laini ya Tabora kule ilikuwa haishiki kitu nje ya ile nyumba.

Kule watu wanapanda milima kwa starehe. Hawafuati kuni, hawafuati uyoga, hawaendi kutundika mizinga. Wanavaa viatu vya bei mbaya, wanapanda mpaka juu, wanakula mkate, wanashuka. Mimi ni mjukuu wa watu waliotoka Tabora na mizigo mabegani wakaenda kwa miguu mpaka pwani na kurudi, lakini wale angalau walijua wanapeleka nini.

Tulikwenda kwa gari lake, mimi kiti cha nyuma, tukaliacha chini ya kilima. Njia ilipita kwenye msitu wa misonobari, imenyeshewa, inateleza. Mkwe alitangulia. Mimi nikabaki nyuma, tena nyuma sana, kama inavyotakiwa. Akisimama, nasimama. Akienda, naenda. Kugeuka hageuki, maana mashangazi walimwambia mama mkwe haangaliwi angaliwi. Na mimi macho yangu chini, kwenye mizizi. Ungetuona ungedhani ni watu wawili wasiojuana, kila mmoja na shida zake.

Ukungu ulishuka ghafla. Mvua ya kwetu unaiona inakuja kutoka mbali, unaanua nguo zako. Ule ukungu haukupiga hodi. Mara naona miti, mara naona nusu ya miti, mara sioni kitu. Nikaendelea kufuata njia iliyokuwa miguuni mwangu, na nilipotega masikio nikagundua viatu vya mkwe sivisikii tena. Mahali fulani njia iligawanyika, yeye akapanda, mimi nikashika ya chini.

Mtu mwingine angepiga kelele. Na mimi nilitaka kupiga kelele, lakini nimwiteje? Jina lake silitaji. Kumpigia mkwe mayowe porini kama mtu anayeita mbuzi? Thubutu! Nikafanya wanavyofanya watu wenye adabu zao. Nikakohoa. Kwetu ukifika uani kwa mkweo unakohoa, ajue kuna mtu, ajiweke sawa. Nikakohoa, nikasikiliza. Kimya. Nikakohoa tena, kwa nguvu, mpaka kifua kikauma.

Baadaye alinieleza kwamba alinisikia vizuri sana. Akadhani ni paa. Paa wa kule akishtuka hulia vile vile, kama mzee mwenye kikohozi. Basi bwana mkubwa akawa ananyata, asimtishe mnyama!

Mimi huko chini nilianza kuogopa. Nikaongeza mwendo ili nirudi nilikotoka, nikakanyaga mzizi uliolowa, mguu wa kulia ukageukia ndani. Nilisikia kitu kinafanya "ta!" na nikajikuta nimekaa kwenye matope. Nilijaribu kusimama, nikaona nyota. Nikakaa tena nikaanza kulia kwa hasira. Nilikuwa nawaza kitu kimoja tu: kama uchungu utamshika sasa hivi, mwanangu yuko peke yake. Nimetoka Tabora mpaka Ulaya kukaa naye, halafu nimekaa kwenye matope, yeye yuko peke yake!

Hapo ndipo nikasikia simu inalia ndani ya ukungu, mbali, juu yangu. Nikasikia sauti ya mkwe inajibu kwa lugha yao, kwanza taratibu, halafu haraka haraka. Mimi lugha ile siijui, lakini sauti ya mtu aliyeshtuka haihitaji kutafsiriwa.

"Mama!" akapaza sauti. "Mama, uko wapi? Uchungu umeanza! Mama!"

Nilifungua mdomo na jina lake likatoka. Nililiita lote, na la baba yake juu, kwa sauti ambayo nadhani waliisikia mpaka kanisani. Nikaliita tena na tena, nikasahau mashangazi, nikasahau Goweko, mpaka nikamwona anakuja kutoka kwenye weupe ule anateleza kwa makalio.

"Mguu," nikamwambia. "Hautembei. Wewe nenda, niache hapa, utanifuata baadaye. Nenda!"

Akanitazama usoni. Ilikuwa mara ya kwanza, na nikaona jinsi alivyoogopa.

"Mama, hapa baridi itakuua," akasema. "Na nikifika mwenyewe ataniuliza mama yuko wapi. Nitamjibu nini?"

"Utamjibu nimesema uende!"

"Hapana."

"We mtoto, husikii?"

"Nasikia. Hapana." Akageuka, akapiga magoti mbele yangu kwenye matope, mgongo wake kwangu. "Samahani sana, mama. Panda."

Nilibaki nautazama ule mgongo. Nisikufiche, nililia kwa aibu. Lakini kila dakika niliyokuwa nalia pale ilikuwa dakika ya mwanangu. Nikapandisha kitenge, nikamshika mabega, nikapanda. Mimi siyo mwepesi, nakula nikashiba. Aliposimama alitoa mguno kama punda wa kubeba maji, akaanza kushuka.

Miguu yake ilikuwa inatafuta njia, mimi juu nikawa macho yake. "Kushoto. Taratibu, kuna jiwe. Hapo hapo." Pumzi zake zilikuwa zinakwangua. Nikakumbuka hadithi za bibi, jinsi watu wetu walivyokuwa wanawabeba Wazungu wagonjwa kwenye machela kule pori la Uyui. Nikasema moyoni, haya, leo deni limegeuka, lakini sikuwa na moyo wa kucheka. Mara moja alianguka kwa magoti, akabaki pale anahema, nikadhani amekwisha. "Twende, baba," nikamwambia, "twende, mwanangu, anatusubiri." Akasimama.

Simu ikalia tena. Aliiweka sauti ya juu, akanipa niishike.

"Mko wapi?" Mwanangu alikuwa anapumua kwa shida. "Nimeita gari la wagonjwa, limefika, wananichukua. Mko wapi nyie?"

"Tunashuka," mkwe akasema.

"Mama yuko na wewe?"

"Nipo, mwanangu," nikasema. "Nipo hapa."

"Mbona sauti zenu zinatokea mahali pamoja?"

"Nimebebwa."

"Umebebwa na nani?"

"Unamjua mwingine huku?"

Akaanza kucheka, yule mtoto, katikati ya uchungu wake akaanza kucheka, halafu kicheko kikakatika akatoa sauti ambayo sitaki kuikumbuka. "Msiniache," akasema. "Mama, usiniache na wewe." Simu ikakatika.

Mkwe alikimbia. Sijui alikimbiaje na mzigo ule kwenye njia ile, ila alikimbia, na mimi nikawa nasali Salamu Maria bila kupumzika, nikikosea nazianza upya. Tulipolifikia gari alinishusha kwenye kiti kama gunia la karanga, akaendesha kwa kasi ambayo kwetu trafiki angetusimamisha. Sikumwambia apunguze.

Hospitalini walinipa kiti cha magurudumu. Mwanangu alikuwa ameshaingizwa ndani. Nesi mmoja akasema maneno mengi, mkwe akanitafsiria kwamba mambo yamekwenda haraka, anaingia mtu mmoja tu. Tukaangaliana. Mimi nilitoka Tabora kwa ajili ya mlango ule, na yeye alikuwa na matope mpaka kwenye nywele, anasubiri nimwambie.

"Ingia," nikasema. "Mimi na mguu huu nitawasumbua. Ingia haraka, mwambie mama yake yuko hapa mlangoni."

Akaingia. Mlango ukafungwa nyuma yake.

Nilikaa kwenye korido lile jeupe, kitenge kimelowa, mguu umevimba. Mwanzo nilimsikia mwanangu. Alikuwa analia, anaita, anasema maneno ya Kinyamwezi ambayo nilidhani ameshayasahau. Kila akiita namjibu, "Nipo!" na watu wanapita wananitazama, wacha wanitazame. Halafu akanyamaza. Nesi mmoja akatoka mbio, akarudi na mwenzake mbio, mlango ukafungwa tena, safari hii mpaka ukabana. Nikatega sikio. Nilisubiri sauti ndogo, ile moja tu niliyoifuata. Haikuja. Nikasema, Mungu wangu, usinifanyie hivi mara ya pili, usimfanyie mwanangu hivi, nichukue mimi.

Mlango ukafunguka, mkwe akatoka. Alikuwa analia. Siyo machozi mawili matatu, alikuwa analia mdomo wazi, mabega yanaruka. Alijaribu kuniambia kitu, Kiswahili kikamkataa, kikaja cha kwao. Akapiga magoti pale sakafuni, akaweka kichwa chake mapajani mwangu, akaendelea kulia.

Basi, nikajua. Nilimwekea mkono kichwani. Nilianza kuwaza jinsi nitakavyoingia mle ndani, nitamwambia nini mwanangu, kaburi litakuwa wapi, nitapataje kumwosha mtoto katika nchi ya watu. Nilikuwa nimeshapokea. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kumpa pole baba wa marehemu.

Kisha, kupitia ule mlango ulioachwa wazi kidogo, mtoto akalia. Alilia kwa hasira, kwa sauti nene, kama mtu aliyedhulumiwa. Nyuma yake nikasikia mwanangu anacheka na kuita, "Mama, umemsikia? Mama!"

Nikamtazama yule mwanaume mapajani mwangu. Alikuwa anaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, machozi yanachuruzika kwenye matope. Nikampiga kofi la mgongo, tena la nguvu.

"We mtu!" nikamwambia, na mimi sasa ndiyo nalia. "Siku nyingine useme kwanza ni mzima, halafu ndiyo ulie!"