Daktari Aliyehamia Dunguni

Hermenegildi alijifunza kupasua miaka ambayo umeme ulikatika mgonjwa akiwa mezani, kwa hiyo vidole vyake vilizoea kufanya kazi ya macho. Sindano ilipozama asikokuona, alitanguliza kidole cha shahada cha kushoto kuipokea ncha. Mara nyingine ilimchoma. Alikamua damu, akapaka spiriti, akaendelea. Glavu zenyewe zilifuliwa, zikapulizwa kutafuta matundu, zikatiwa kiraka na kurudi kazini.

Machi 1995, akishona kizazi cha mama aliyetoka kujifungua kwa upasuaji, sindano ilipita kwenye kiraka ikaingia kidoleni hadi karibu na mfupa.

“Imeingia?” aliuliza Sista Serafina, muuguzi aliyekuwa akimpa vifaa.

“Kidogo.”

“Kidogo kiasi gani, daktari?”

“Nipe uzi, sista. Mama anavuja.”

Alimaliza kushona ndipo akavua glavu. Mwaka ule wodi zilijaa watu waliokondeshwa na Ukimwi, na dawa ya kumkinga aliyechomwa haikuwapo pale. Kipimo nacho kilitaka subira: damu ilipaswa kungojwa miezi mitatu ndipo iseme kweli.

“Mwambie mama Omega leo,” alisema Serafina.

“Nitamwambia.”

Hakumwambia. Mkewe, Paskalina, alikuwa amemwachisha Omega kunyonya na alitaka mtoto mwingine. Hermenegildi, aliyezoea kuwaeleza wanaume kwamba wake zao wamekufa, hakupata maneno ya kumweleza huyu wake kwa nini asimguse.

Akapata mpunga. Ulikuwa msimu ambao watu huhamia mashambani kuamia ndege na kufukuza nguruwe pori. Miaka yote shamba lao la Namawala lililindwa na shemeji yake. Safari hii alisema atalinda mwenyewe. Kila jioni alipanda baiskeli kwenda dunguni, kwenye kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya mpunga, na asubuhi akarudi kazini ananuka moshi.

“Daktari siku hizi anawatibu nguruwe,” walisema majirani, wakimtazama Paskalina atajibu nini.

Wiki ya saba, Jumapili baada ya misa, Paskalina alifika shambani na ugali na kambale kwenye kapu. Alisimama chini ya ngazi.

“Hodi huko juu.”

“Karibu, mama Omega.”

“Mimi niko peke yangu. Wewe uko na nani?”

“Na ndege.”

“Ndege gani huyo, anajua kupika?”

Alipanda. Alitafuta khanga, kitana, mkeka wa pili. Aliona mkeka mmoja, sufuria yenye masizi, na karatasi ya kalenda iliyobandikwa mtini, siku zimekatwa moja moja kwa kalamu.

“Unahesabu nini, baba Omega?”

Akamweleza yote. Alinyoosha na kidole, ingawa hapakuwa na alama yoyote ya kuonyesha.

Ndege walishuka kwenye mpunga na hakuna aliyewafukuza.

“Sista Serafina anajua?”

“Anajua.”

“Yaani sista anajua, na mimi mwenye nyumba nimeambiwa nguruwe.”

“Niliogopa.”

“Na mimi je? Wiki saba nimelala nikimtafuta huyo mwanamke, mtaa kwa mtaa.” Alifuta uso kwa ncha ya khanga. “Zimebaki ngapi?”

“Sita.”

“Utazimalizia nyumbani. Tutaweka mto katikati. Mpunga arudi kulinda shemeji yako, wewe hata kupiga kombeo hujui.”

Juni walikwenda maabara pamoja. Paskalina alingoja kwenye benchi nje. Mumewe alitoka, akamsogelea, akaketi kando yake.

“Hamna,” alisema.

“Hamna kabisa?”

“Kabisa.”

Paskalina alivuta pumzi, akaishusha taratibu. “Na kesho unaingia tena kupasua?”

“Naingia.”

“Basi ukichomwa, uniambie siku hiyohiyo. Hata kabla hujanawa.”

“Nitanawa kwanza, mama Omega. Lakini siku hiyohiyo.”

“Haya.”

Alichomwa tena mara mbili kabla ya mwaka 2000. Mara zote mbili Paskalina alijua kabla jua halijazama.