Mkopo Uliomsomesha Wepukhulu

Mimi, Kiptanui, nilikuwa karani katika ofisi ya mifugo pale Kitale tangu vita vilipokwisha, na katika wasaidizi wote waliopita mikononi mwangu, ninayemkumbuka zaidi ni Wepukhulu Mukhisa. Alifika mwaka wa 1948 akiwa na barua ya kazi, baiskeli ya kuazima na viatu vipya vilivyombana hata akawa anavivua chini ya meza kila akikaa. Tuliishi chumba kimoja kwenye laini za wafanyakazi. Mengi ya haya niliyaona mwenyewe, na yaliyobaki alinieleza yeye, kidogo kidogo, maana hakuwa mtu wa maneno mengi.

Alizaliwa katika shamba la setla mmoja wa Kizungu, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka mjini. Baba yake, mzee Mukhisa, alikuwa mkamuaji pale. Alikuwa skwota, yaani alimfanyia mzungu kazi, naye akapewa mahali pa kujenga, kipande cha kulima mahindi na ruhusa ya kulisha ng'ombe wake mwenyewe. Mshahara ulitosha chumvi, sukari na kodi. Mali yake hasa ilikuwa ng'ombe kumi na wanne, na kila mmoja alikuwa na jina.

Wepukhulu alipomaliza shule ya misheni, alipata nafasi katika chuo cha wasaidizi wa mifugo, masomo ya miaka miwili. Ikabaki karo. Mtu angedhani mwenye ng'ombe kumi na wanne atauza watatu na mambo yaishe. Haikuwa hivyo. Kulikuwa na karantini, na ng'ombe wa maskwota hawakuruhusiwa kuvuka kwenda rizavu, yaani maeneo waliyotengewa Waafrika. Huku upande wa mashamba mnunuzi alikuwa setla mwenyewe, na bei ilikuwa ile aliyoamka nayo siku hiyo.

"Nenda kwa khocha wako," mama yake, Sellah, akamwambia. Khocha ndiye mjomba, ndugu ya mama. Wa kwake aliitwa Wakhungu, mzee wa kanisa kule Kabuchai, mtu wa kucheka kwa sauti na kusaidia watu hata kabla hawajamaliza kueleza shida.

Wakhungu alikuwa amesikia kwamba Baraza la Wilaya linakopesha vijana waliopata nafasi chuoni. Kamati ilikaa Bungoma, katika chumba cha mabati karibu na stesheni ya reli. Wakaenda pamoja. Wakaulizwa mdhamini ni nani, na Wakhungu akasimama, kofia mkononi.

"Ni mimi. Huyu ni mtoto wa dada yangu."

"Una mali gani?"

Akataja ng'ombe sita: mwekundu mwenye doa kwenye paji, weusi wawili, na kadhalika mpaka akamaliza. Karani akaandika wote. Wakhungu akaweka dole gumba na Wepukhulu akatia sahihi. Karatasi zilikuwa za Kiingereza, kurasa nne. Wepukhulu aliniambia kwamba siku ile aliuliza swali moja tu: gari moshi la kwenda chuoni linaondoka saa ngapi.

Miaka ile miwili aliipenda sana. Alipenda hadubini kuliko kitu chochote. Alisema mara ya kwanza alipoangalia tone la damu ya ndama na kuona wadudu wa ugonjwa wa kupe wakiwa ndani yake, alitaka kukimbia hadi nyumbani akamwambie baba yake kwamba wale ndama aliowazika miaka yote hawakurogwa na jirani. Alifikiri atapangiwa kazi Bungoma, karibu na watu wa mama yake. Akapangiwa Kitale.

Mwaka wa kwanza ulikuwa mzuri. Kazi ilikuwa kuchanja ng'ombe dhidi ya sotoka, na maskwota walimjua, mtoto wao. Alirudi jioni na chupa ya maziwa mabichi kwenye mfuko wa koti, na sisi wengine tukafaidi. Kila mwezi sehemu ya mshahara wake ilikatwa kwenda kwa Baraza, naye hakulalamika.

Halafu likaja agizo. Nililipiga taipu kwa mikono yangu hii. Wakubwa wa masetla walikuwa wameamua kwamba ng'ombe wa maskwota wanaleta kupe na wanakula nyasi za ng'ombe wa kizungu. Basi kila ng'ombe wa skwota apigwe chapa ya moto, na wenye chapa wauzwe wote mnadani kabla ya mvua. Wasaidizi waligawiwa mashamba. Wepukhulu alipewa upande wa Mlima Elgon, mashamba tisa. Shamba la nne lilikuwa lile alilozaliwa.

Alikwenda kwa daktari wetu wa mifugo, Mzungu mrefu ambaye hakuwa mkali wala mpole. Mlango ulikuwa wazi, nikasikia.

"Bwana, shamba hili moja naomba apewe mwingine. Baba yangu yuko hapo."

"Kila msaidizi hapa ana baba," yule Mzungu akajibu kwa Kiswahili chake cha amri. "Mimi nikianza kusikia habari ya baba, kazi nani atafanya? Na wewe iko na mkataba. Soma."

Saa ya chakula Wepukhulu akaniomba nitoe faili lake kabatini. Kiingereza chake kilikuwa cha mifugo, si cha sheria, kwa hiyo nilimsomea mimi, mstari kwa mstari, nikigeuza kwa Kiswahili. Miaka mitano ya kazi, popote atakapopelekwa. Akiacha kabla ya hapo, deni lote lilipwe katika siku thelathini. Akifukuzwa kwa kosa, ni vilevile. Akishindwa, mali ya mdhamini ichukuliwe.

"Soma tena hapo pa kufukuzwa," akasema.

Nikasoma tena.

"Kwa hiyo hata nikimtukana Mzungu…"

"Hata ukimtukana, bana. Watakwenda Kabuchai."

Uji wake ulipoa na kuganda juu. Mwishowe akasema, "Nitakwenda kwa khocha. Nitamwambia ukweli. Ng'ombe wa baba watapigwa chapa hata nikiacha, lakini si kwa mkono wangu. Wakichukua wake, mimi na baba tutamlipa polepole. Yeye ataelewa."

Jumamosi akapanda baiskeli, akashuka kupitia Kamukuywa mpaka Kabuchai. Alifika vumbi limemjaa hadi kwenye nyusi. Wakhungu alimpokea kwa kelele zake, akaita watu waje wamwone daktari, akaagiza kuku achinjwe. Wepukhulu alingoja watu waondoke ndipo akaeleza. Alieleza yote, na mwisho akasema, "Khocha, nataka kuacha kazi. Najua ni ng'ombe zako."

Wakhungu akageukia mlango.

"Ulipoingia, hukuangalia zizini?" akauliza.

"Sikuangalia."

"Nenda uangalie."

Zizini kulikuwa na ng'ombe wawili. Wakhungu alikuwa amemwoza mwanawe mkubwa mwaka uliopita, na wanne wa wale walioandikwa Bungoma walikuwa wamekwenda mahari.

"Nilifikiri utasoma, utalipa, na hakuna mtu atakuja kuhesabu," mjomba akasema. Hakumtazama usoni. "Nani hufikiri kwamba mtoto aliyesoma atarudi kuomba aache kazi? Wakija sasa wakute wawili, watasema nimetapanya mali niliyoiweka dhamana kwa serikali. Hiyo si faini, mwana. Hiyo ni jela. Na mimi ni mzee wa kanisa."

Kuku aliletwa. Wepukhulu alisema alimla, kwa sababu mke wa mjomba alikuwa amesimama pale akimwangalia ale.

Alirudi Kitale Jumapili. Hakunieleza kitu usiku ule, wala kesho yake. Niliyajua yote baada ya wiki, wakati ambapo mashamba matatu ya kwanza yalikuwa yamekwisha na nguo zake zilinuka nywele zilizoungua. Tulizifua mara mbili na harufu ikabaki. Watoto wa mashambani walikuwa wamempa jina. Wakiiona baiskeli yake kwenye barabara walipiga kelele, "Chapa! Chapa!" na kuwaswaga ng'ombe wakawafiche kwenye mahindi. Wale wale waliokuwa wakimletea maziwa.

Siku ya shamba la nne daktari alinituma niende na Wepukhulu kuandika hesabu. Nilitamani kukataa, lakini nami nilikuwa na kazi ya kupoteza.

Mzee Mukhisa alikuwa ametutangulia. Ng'ombe wake wote kumi na wanne walikuwa wamesimama kwenye kichochoro cha mbao, tayari, na moto ulikuwa umewashwa. Nilipouliza aliyeuwasha, akasema ni yeye. Mkewe Sellah alikuwa amekwenda mtoni tangu alfajiri, na hakurudi mpaka tulipoondoka.

Wepukhulu alimwamkia baba yake. Mzee akaitikia. Kisha kijana akasema kwa sauti ya chini, "Baba, nimekuja na mwenzangu anaitwa Kipruto. Anaweza kuifanya kazi hii, mimi nishike kamba tu."

"Nimeona ng'ombe aliowapiga huyo Kipruto kwa jirani," mzee akasema. "Ameunguza mpaka nyama. Vidonda vimeoza. Wewe umesomea. Fanya wewe."

"Baba…"

"Si umesomea? Fanya vizuri, basi. Wasiumie zaidi ya vile inavyotakiwa."

Akashika kichwa cha ng'ombe wa kwanza mwenyewe, akawa anamwita kwa jina masikioni, na Wepukhulu akachukua chuma. Nimeona wasaidizi wengi wakipiga chapa. Sijaona kazi safi kama ile. Kila alama ilikaa mahali pamoja, juu ya paja, bila kurudia. Nilikuwa naandika, na mzee alinitajia majina yao hata ambapo fomu ilitaka rangi tu. Niliyaandika pembeni. Daktari alipoiona ile karatasi baadaye aliniuliza ni upuuzi gani ule, nikaiandika upya.

Walipokwisha, mzee alinawa mikono, akamwambia mwanawe, "Asante, bwana mifugo." Hakusema kwa hasira. Aliinama akaanza kuzima moto.

Mnadani wanunuzi walikuwa watatu na walikuwa wameshasikizana. Ng'ombe walikwenda kwa bei ya mbuzi. Mwezi uliofuata mzee Mukhisa akapeleka kipande chake, kile kitambulisho cha kazi, kitiwe sahihi ya kuondoka, akaacha kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na miwili, na yeye na Sellah wakaenda kwa ndugu zake karibu na Kabuchai. Huko mashamba yalikuwa yamegawanywa zamani. Wakapewa ukanda mwembamba kando ya kijito, pale maji yanapofika wakati wa mvua.

Wepukhulu akabaki. Nusu ya mshahara uliobaki baada ya kukatwa aliituma kwa mama yake. Baba yake hakuikataa, wala hakutuma salamu. Mara moja nilipokuwa natafuta wino katika saraka yake nilikuta barua tatu za kuacha kazi, zote zimeandikwa vizuri, zina tarehe za miezi mbalimbali. Nilizirudisha nilipozikuta. Alianza kuumwa kichwa kila Jumatatu. Aliacha kuja kucheza bao. Nikimwambia twende kanisani, anasema nenda, nitakufuata, na simwoni.

Nilimuuliza siku moja, "Unamchukia mjomba wako?"

"Namchukia kwa nini? Aliniweka shule," akasema. Kisha akaongeza, "Ningalipata mtu wa kumchukia, Kiptanui, ningalilala."

Mkataba wake uliisha mwaka wa 1953. Barua kutoka kwa Baraza ilipitia mezani kwangu: deni limekwisha, mdhamini ameachiliwa. Nilimpelekea mwenyewe, nikiwa na furaha, na nilikuwa nimenunua mandazi. Aliisoma akiwa amesimama.

"Sasa uko huru," nikamwambia.

"Niende wapi?" akauliza, na lilikuwa swali la kweli. "Wazazi wanakula kwa mshahara huu. Dada yangu yuko shule kwa mshahara huu. Kazi nyingine sijui." Akaikunja barua, akala andazi moja. Jumatatu asubuhi alikuwa juu ya baiskeli kama kawaida.

Aliomba uhamisho mara mbili akakataliwa. Mara ya tatu, mwaka wa 1955, wakampeleka Bungoma, kwenye kibanda cha tiba karibu na soko. Nilikwenda kumtembelea mwaka uliofuata, siku ya soko. Alikuwa amenenepa kidogo na foleni ilikuwa ndefu, watu na ndama na mbwa.

Katikati ya foleni nikamtambua mzee Mukhisa, ameshika kamba ya mbuzi jike mwenye kiwele kilichovimba. Nilimwendea nikamwamkia, nikamwambia, "Mzee, pita mbele, si ni mwanao huyo?"

"Hawa pia wametoka mbali," akanijibu. Akangoja. Jua lilimpiga na alingoja.

Zamu yake ilipofika, Wepukhulu aliinua macho na mkono wake ukasimama juu ya daftari. Sijui walikuwa hawajaonana kwa muda gani. Mzee akasogeza mbuzi karibu.

"Tangu juzi hataki mtoto anyonye," akasema.

Wepukhulu akapiga magoti, akagusa kiwele, akakamua kidogo kiganjani, akaangalia. Alifanya kazi polepole kuliko alivyofanya kwa wengine wote. Alipomaliza akaeleza: maji ya moto, dawa hii, siku tano, asikose hata moja. Mzee akasikiliza yote, akarudia kwa mdomo wake ili asisahau.

"Na siku ya sita?" akauliza.

"Siku ya sita nitakuja kumwangalia huko nyumbani," Wepukhulu akasema.

Mzee akafikiri. Watu nyuma walianza kunung'unika.

"Njoo mapema," akasema. "Mchana mama yako huwa shambani." Akavuta kamba, akaondoka na mbuzi wake kupitia sokoni, na Wepukhulu akaita anayefuata.