Soksi Nyeusi za Mama

Kila ninapofua soksi zangu za kazini, harufu ya sabuni ya mche hunirudisha Rwamgasa, kijijini kwetu kwenye machimbo ya dhahabu. Mama alinunua mnadani soksi zake nyeusi za kuvaa kanisani, akawa anazifua kwa vidole na kuzianika kivulini. Siku moja Baba alitoka machimboni, akaziona kwenye kamba.

“Nani kakununulia?”

“Nimenunua mwenyewe, baba watoto.”

Alimpiga ngumi ya mdomo, akazitupa soksi motoni. Nilimng’ata mkono hadi nikaonja damu, naye akanibamiza ukutani. Ndipo Mama akachomoa kijinga cha moto jikoni, akampiga nacho usoni.

“Mguse tena mwanangu!”

Baba alikimbia ameshika jicho. Jumapili tulikwenda kanisani. Mama, mdomo umevimba, miguu mitupu ndani ya viatu, aliimba kwa sauti kubwa kuliko wote.