Mpima Maji na Kisima Kitamu cha Mdogo Wake

Jua halijavuka ukuta, na mpima maji wa mtaa amepiga magoti kando ya kisima cha mdogo wake. Anateka ndoo ya kwanza, anaimwaga. Ya pili, anaimwaga. Ya tatu ndiyo anayoipima.

Majirani humwita Mama Kijiti, kwa sababu ya vijiti vya karatasi anavyovichovya majini na kuvisoma rangi. Kwa miaka kumi na mmoja amekuwa akiwaambia watu kisima kipi ni cha kunywa na kipi ni cha kumwagilia tu.

Chake ni cha kumwagilia, tena kwa shida. Marehemu baba yao aliwachimbia mabinti zake wawili visima mwaka mmoja, hatua sitini kati ya kimoja na kingine. Cha mkubwa kikatoa chumvi inayobabua hata majani ya maharagwe. Cha mdogo kikatoa maji matamu, na mtaa mzima ukapanga ndoo.

"Nimeona wivu miaka tisa," anasema bila kupepesa macho. "Mgeni wangu akiomba maji, natuma kwake."

Miezi miwili iliyopita mdogo wake alijifungua, na mtoto akawa anakorogewa maziwa ya unga kwa maji hayo. Mama Kijiti akaenda kuyapima upya. Kijiti kikaiva waridi: naitreti, kemikali ya kinyesi iliyopenya kutoka chooni, mara mbili ya kiwango salama cha kunywa. Ulimi hauionji, kuchemsha hakuiondoi, na kichanga inaweza kumuua.

"Nilifurahi," anasema. "Kisha nikajiogopa."

Akarudia mara tatu. Halafu akapeleka chupa maabara bila jina, namba tu, ili wivu wake usipate pa kupenyea. Jibu likawa lilelile.

Mdogo wake alilisoma, akamrudishia karatasi. "Dada, umetafuta mpaka umepata."

Kesho yake foleni ya ndoo ilikuwa palepale, na wanawake wakinong'ona kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Kila asubuhi Mama Kijiti aliteka dumu la maji kwenye bomba la mbali, akaliacha mlangoni kwa mdogo wake, kwa ajili ya mtoto. Siku ya tano mlango ukafunguliwa. Mdogo wake aliuliza choo kihamishwe umbali gani.

Shimo jipya la choo limeshachimbwa. Kwa sasa maji matamu yanamwagilia mchicha, nao umestawi kuliko wa Mama Kijiti.

Leo rangi haijapungua. Atapima kila mwezi.

"Ikishuka, nitamwonea wivu tena," anasema. "Naomba Mungu nimwonee."