Sweta la Katekisimu

Harufu ya sufu iliyolowa hunirudisha uani kwetu Likasi, majira ya baridi. Mdogo wangu wa miezi mitano alikuwa amechubuka ngozi ya uso hadi inatoa maji, na hakuacha kujikuna. Majirani walisema kosa ni maziwa ya mama. Basi mama akaacha samaki, akaacha karanga, akabaki na bukari, ugali wetu, na chumvi, akakonda. Mtoto hakupona.

Mimi, yaya wa kujitolea, nilimbeba mgongoni kutwa, nikijivunia sweta jekundu la sufu nililopewa na masista kwa kushinda katekisimu.

Siku moja mama alimfungua mgongoni kwangu, akamgeuza uso, akashtuka.

“Angaria! Iko shavu moya tu. Ile anawekaka ku mugongo yako.”

“Ni minye, mama?”

“Hapana weye. Ni ile triko. Vula!”

Nilisimama nimeduwaa, mikono juu, sweta likivutwa kichwani. Wiki kadhaa nilikuwa nimemkwangua mtoto niliyempenda kama mtu anavyokwangua muhogo. Nikaangua kilio. Mama, pamoja na njaa yake, akanikumbatia, akaniambia mtoto atapona.

Sikumwambia kwamba nalilia sweta.