Mishipa ya Mwenyekiti

Miezi michache iliyopita, kwenye baraza ya hospitali ya Lindi, nilikaa karibu na mwenyekiti wa kijiji cha ujamaa na mkewe. Mishipa ya miguu ya mzee ilikuwa imetuna kama kamba, na kidonda kilikataa kupona.

"Mzee, tutaupasua mguu tuutoe mshipa mbovu," daktari kijana akamwambia.

Mzee akakunjua upesi suruali aliyokuwa ameipandisha, akaufunika mguu. "Na damu ipite wapi, mwanangu?"

"Mishipa mingine ipo. Ila ukipona, usihutubie tena kwa kusimama muda mrefu. Ndiko kulikokuponza."

Mkewe akapandisha khanga kidogo, akanyoosha mguu wake mbele ya daktari. "Basi na sisi tunaosimama kumsikiliza, ututazame!"

Mzee alipasuliwa, akapona. Nasikia sasa hotuba zake zinakwisha jua halijapanda. Nawajua viongozi wengine kadhaa ambao ningependa daktari huyo awatazame miguu.