Visu vya Wifi Yangu

Sijawahi kupenda kisu chenye rangi. Kisu cha kijani, kisu cha waridi, kisu chenye maua ubavuni, hivyo ni vitu vya kuchezea watoto, na watoto wenyewe haturuhusu washike visu. Kwa hivyo wifi yangu alipofungua boksi mbele ya mama, kule nyumbani nje ya Matiliku, akatoa visu sita vya rangi sita vilivyochomekwa kwenye kigogo cha plastiki, nilinyamaza kwa nguvu zangu zote. Ilikuwa zawadi, na zawadi haikaguliwi mbele ya aliyeileta.

Wifi ni mke wa kaka yangu mkubwa. Wana duka la vyombo huko mjini Wote, na visu vilitoka kwenye rafu zao. Alivipanga mezani akavisifu kama anayetoa ushuhuda kanisani. Havishiki kutu! Havihitaji kunolewa! Na bei yake kila mtu anaimudu! Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nilijisemea moyoni, na hivi vilikuwa vimetembezwa kutoka Wote mpaka kwetu.

Kama angeishia hapo ningemsamehe. Lakini aliingia jikoni akarudi na kisu cha zamani cha mama, kile chembamba kilicholiwa na jiwe la kunolea mpaka kikabaki ukanda, mpini umefungwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Alikishika kwa vidole viwili kama mtu anayebeba panya kwa mkia.

"Mwaitu, hii ni aibu kwa wageni," alisema.

Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na hata wakwe huita hivyo kwa heshima. Heshima yenyewe iliishia kwenye hilo neno. Kabla mama hajajibu, wifi alikuwa ameshazunguka nyuma ya nyumba, tukasikia mlango wa choo cha shimo ukigonga. Alirudi mikono mitupu. Mama akashukuru kwa zawadi, maana ndivyo alivyolelewa.

Mimi ni mama mboga kule mjini Sultan Hamud. Kazi yangu nusu ni kuuza na nusu ni kukata, kwa sababu wateja wa siku hizi wanataka sukuma wiki iliyokatwa tayari, nyembamba, ya kutia kwenye sufuria moja kwa moja. Na sisi hatutumii kibao. Unakunja majani, unayabana kwenye ngumi ya kushoto, kisha mkono wa kulia unashusha kisu mbele ya vidole vyako mwenyewe, kipande baada ya kipande, huku unamsalimia huyu na kumfokea yule anayebonyeza nyanya bila nia ya kununua. Mama ndiye aliyenifundisha. Kisu chenye makali hakina neno, kinapita pale unapokielekeza. Kisu butu ndicho adui. Unakisukuma kinakataa, unakisukuma tena kinateleza, na kikiteleza hakina pa kwenda isipokuwa kwenye mwili wako.

Kwa hivyo wageni walipoondoka nilivichukua vile visu kimoja kimoja nikavikagua kwa chuki. Sina shida na bei nafuu. Kisu changu cha kazini nilikiokota kwenye lundo chini, siku ya soko, baada ya kuvikataa vingine vingi, na kimenilisha miaka. Cha bei nafuu unakichagua kwa mkono, hukichagui kwa macho. Kwanza unakipima uzito, maana chuma cha kweli unakisikia. Vya wifi vilikuwa vyepesi kama mfuniko wa mkebe. Halafu unatazama kama chuma kimeingia mpaka mwisho wa mpini au kimechomekwa juu juu tu. Nilikigongesha kile cha kijani mezani, mpini ukajibu kwa sauti ya debe tupu. Unabonyeza ncha kidogo uone kama inarudi. Ilijipinda, ikabaki imejipinda, ikinitazama. Mwisho unakipitisha kwenye ganda la nyanya iliyoiva bila kukandamiza. Nyanya ilipasuka upande wa pili, kwenye makali palibaki alama ya maji tu. Nilijaribu kukinoa kwenye jiwe la mama na kilichotoka kilikuwa rangi, unga wa kijani uliojaa kwenye vidole vyangu. Hiyo rangi ndiyo mtu aile na ugali?

"Mwaitu, usitumie hii takataka," nilimwambia. "Nitakuletea kingine."

Akakataa. "Huyo bibi ya ndugu yako akikuja apate nimeweka kingine, atasema nimekataa mkono yake. Niache."

Nilibishana naye, nikashindwa. Kwa mama yangu, zawadi ya mkwe lazima ionekane ikitumika, hata kama ni sumu.

Wiki chache baadaye kaka alinipigia simu. Mama alikuwa akikata sukuma, kisu kikateleza kwenye kile kikonyo kigumu cha katikati ya jani, kikamwingia kidole gumba cha kushoto mpaka karibu na mfupa. Jirani alimpeleka dispensari akashonwa. Kaka aliniita nyumbani Jumapili baada ya kanisa. Alisema tuna jambo la kuamua, na kwa sauti yake nilijua limeshaamuliwa.

Tulikaa sebuleni, mama, kaka, wifi na mimi. Mama alikuwa na bandeji nene kama kifundo cha mkeka. Mezani kile kigogo cha plastiki kilisimama na visu vyake sita, kimepanguswa vumbi kwa ajili ya wageni.

"Mwaitu, hii maneno ya kukaa peke yako imefika mwisho," kaka alianza. "Macho imechoka, mkono inatetemeka. Wiki ijayo nakuja na pickup. Kuna chumba iko tayari Wote, utakaa tu, utapikiwa."

Mama alitazama mlango wa jikoni. Usiku wa kuamkia siku ile, nilipolala kwake, alikuwa ameniambia kuhamishwa huko kutamuua. Ng'ombe angeuzwa, nyumba ingefungwa kufuli, na yeye angewekwa kwenye kochi la watu mbele ya televisheni mpaka siku yake. "Hiyo ni kunizika," alisema, "ni mchanga tu wamesahau."

Basi nikawaka. Nilisema mkono wa mama hauna ugonjwa, mgonjwa yuko pale mezani amesimama kwenye plastiki. Nilikitoa kile cha kijani nikawaonyesha ncha iliyopinda, mpini mtupu, rangi inayobanduka. Nilileta nyanya nikaipasua mbele yao mpaka mbegu zikaruka kwenye kitambaa cha meza.

"Mbona wateja wangu hawalalamiki?" wifi aliuliza.

"Wanalalamika dispensari," nikamjibu.

Kaka alinyoosha kiganja. "Wewe kazi yako ni kelele tu. Kata hiyo sukuma hapa, tuone kama itakukata."

Nilikwenda jikoni kwa hasira, nikarudi na sukuma, nikayabana majani kwenye ngumi, nikakata. Hapo ndipo nilipojiponza. Kisu kilivuta, kikararua, kikakwama kwenye vikonyo, lakini mkono wangu unakata mboga tangu asubuhi hadi jioni kila siku ya Mungu, na ulikuwa ukikwepa ujinga wake kabla sijaufikiria. Mafungu yalitoka mabaya, yamechanika kama yametafunwa na mbuzi. Ila damu haikutoka.

"Umeona?" kaka alisema, na hakuwa akinicheka, jambo lililonikera zaidi. "Haijakukata. Kisu iko sawa. Ni mwaitu amezeeka."

Nilikuwa nimekuja kumtetea mama, na kwa mikono yangu mwenyewe nilikuwa nimemfungia mizigo. Kwa dakika nzima nilitamani kukigeuza kile kisu nijikate makusudi, nimalize kesi. Nilimchukia kaka, nikamchukia wifi, na zaidi nilikichukia kile kitu cha kijani kilichotulia mkononi mwangu kama hakijawahi kumdhuru mtu.

Mama ndiye aliyeinuka. Alikichukua kisu kwa mkono wake mzima, akayachukua majani yaliyobaki, akaviweka vyote mapajani mwa wifi.

"Kata wewe," alisema.

Lazima niseme wifi si mtu wa mjini. Amezaliwa Tseikuru, kwa watu wa mifugo, na anachuna mbuzi vizuri kuliko kaka yangu. Kisu kizuri anakijua kama anavyojua jina lake. Hilo ndilo lililokuwa likiniuma tangu mwanzo, kwamba hakuleta vile visu kwa kutojua.

Aliyakunja majani akayabana vizuri, kama tunavyoyabana sisi. Akaweka makali juu yake, akasukuma kidogo. Kisu kilikataa. Akasogeza kidole gumba nyuma, akasukuma tena, kikateleza pembeni, naye akautoa mkono haraka. Akamtazama mumewe. Akakishusha.

"Niletee kibao," alisema.

"Hapa hakuna kibao," mama akasema.

Wifi alikaa na majani mkononi. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Nadhani alisahau kabisa aliyekuwa akizungumza naye, maana mtu anayeogopea vidole vyake husema kilicho moyoni.

"Basi mwaitu, nipe tu ile kisu yako ya zamani."

"Iko choo," mama alisema. "Ni wewe uliipeleka."

Kaka aliinamisha kichwa akatazama sakafu. Niliufungua mkoba wangu nikatoa kisu changu cha kazini, kilichofungwa kwenye gazeti, nikampa wifi. Alikipokea akakipima uzito kiganjani bila kujua kwamba anakipima. Kisha akakata. Alikata sukuma yote kwa mkono, nyembamba, haraka, hatazami hata, kama mtu anayesuka nywele huku akipiga gumzo. Chumba kizima kilijaa ule mkwaruzo mdogo wa jani likikatika.

"Umeona ni mkono ama ni kisu?" mama alimuuliza kaka.

"Nimeona, mwaitu."

Pickup haikutajwa tena. Tulikula ugali na ile sukuma, na sitasema uongo, nilifurahi, nilifurahi kwa ubaya, kila nilipomwona wifi akimeza. Hakuomba radhi. Mama naye hakumdai, na mimi sijamsamehe mpaka leo. Kisu changu nilikiacha jikoni kwa mama na kesho yake nikanunua kingine kwenye lundo.

Walipokuwa wakiaga nilikibeba kile kigogo cha plastiki, nikaelekea nyuma ya nyumba. Mama akaniita nirudi. Alikitoa mikononi mwangu, akamkabidhi wifi kwa mkono mmoja, ule mzima, kwa upole kabisa.

"Hii visu yako rudi nayo, mtoto wangu," alimwambia. "Choo yangu ni ndogo, na tayari ina kisu yangu."

Wifi aliviweka magotini ndani ya gari, na mama akarudi jikoni kufunika moto.